Mapigo ya Kondo Kiunoni mwa Mwasiti

Kila asubuhi, kabla jua halijapata nguvu ya kumkera mtu, Bi Havijawa alijifunga kanga zake, akachukua kibakuli cha kitu chochote alichokikuta jikoni, akavuka daraja la mbao kwenda kwa mwali wake Mwasiti. Siku nyingine kibakuli kilikuwa na maandazi. Siku nyingine kilikuwa na chumvi, na chumvi Mwasiti anayo. Siku moja kilikuwa kitupu, akasema amekuja kukionyesha tu kwa kuwa ni kizuri.

Majirani wote walijua kwamba hakujia kibakuli. Alikuja kumsalimia marehemu mumewe.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Somo. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo keshatoka?"

"Bado nipo!" Mwinshehe alijibu kutoka uani, mswaki mdomoni. "Na shikamoo. Hivi bibi, huoni haya? Kila siku unakuja kumshika mke wa mtu kiuno."

"Marahaba. Haya nilikuwa nazo, nikazigawa kwenye harusi yako. Wewe tema povu lako huko, haya ni mambo ya wanawake."

Ndani, Mwasiti aligeuka bila kuambiwa, akalegeza kanga. Bi Havijawa akapitisha mkono, akapapasa uzi wa shanga mpaka akaufikia ushanga mama, ule mkubwa kuliko wenziwe, laini kama mbegu ya ubuyu iliyokwisha kumung'unywa. Akaubonyeza kwa vidole viwili, akafumba macho.

Tu-tu. Tu. Kimya. Tu-tu. Tu.

Ndiye huyo. Kondo wake, mwenye moyo uliokwenda kama mtu anayechechemea: hatua mbili za haraka, moja ya kujikokota, halafu anasimama kana kwamba amesahau alikuwa anakwenda wapi. Hata njiani alikuwa hivyohivyo. Unamtuma mafuta ya taa, anarudi na kuku.

"Yumo?" Mwasiti aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yumo. Anatafuta viatu."

Shanga hizo ziliingia bondeni baada ya mto Ruvu kukataa kurudi kwenye njia yake. Maji yalikaa mashambani mwaka mzima, panya wakahamia juu ya matuta pamoja na watu, wakakojoa humohumo ambamo watu walipalilia mpunga. Homa ya mgunda ikawa mgeni wa kila msimu. Homa yenyewe ilikuwa na dawa. Mtu alipona, akacheka, akarudi shambani. Kumbe nyuma imemwachia jeraha kwenye figo, na figo ni kiumbe mstahimilivu, halii. Alipokuja kujua, miguu ilikuwa imejaa maji na hospitali wanamwangalia kwa huruma.

Wataalamu walileta kwanza saa za mkononi ambazo zingepeleka habari za mwili wa mtu hospitali kila dakika. Wanawake wa bondeni walizitupa matopeni. Nani anataka daktari ajue amelala saa ngapi na moyo ulimwenda mbio kwa sababu gani? Ndipo mtaalamu mmoja, naye mwanamke, alipouliza: nyinyi mnavaa kitu gani msichokivua hata mkioga? Walitazamana, wakacheka mpaka wakashikana mabega, wala hawakumwambia. Lakini alikuwa na macho. Alirudi mwaka uliofuata na nyuzi za shanga nyeupe kama maziwa, zenye kuonja jasho. Figo ikianza kuumia huvujisha chembechembe ndogo mno, mapema, mwenyewe akiwa bado anacheza ngoma. Shanga zikizionja hugeuka rangi ya chai. Hazipeleki habari kokote. Anayezisoma ni yule tu anayekuvua nguo.

Hapo walikubali, tena kwa vigelegele.

Wanaume je? Walipoambiwa nao wavae walitoka mkutanoni kwa hasira, mwenyekiti akiwa mbele. Baada ya kubembelezwa wakakubali ushanga mmojammoja wa mkononi, ushonewe ngozi, ufanane na hirizi. Ule ulikuwa ushanga dume, hauonji kitu. Unasikiliza mapigo tu na kuyapeleka kwa ushanga mama wa mke, ili mke akiwa ng'ambo ya mto ajue mwenzake mzima.

Huo ndio uliomponza Kondo. Aliugua homa, akapona, na mapigo yake yaliendelea kugonga vizuri kiunoni mwa mkewe mpaka asubuhi alipoamka uso umevimba. Figo zilikuwa zimekwisha. Mwanamume aliyeona aibu kuvaa shanga, na huku za mkewe alikuwa akizimulika kwa taa ya simu na kuzisoma mojamoja kwa kidole, akifika katikati anajidai amepotea hesabu ili aanze upya!

Ushanga dume ulizimika naye. Lakini ushanga mama haujui msiba. Ukikosa mapigo mapya, unayarudia yaleyale ya mwisho uliyojifunza.

Sasa, kwa Wazaramo wa bonde lile, mwali hatoki ndani kiuno kitupu, wala hafungwi shanga za dukani. Yule aliyemfunda ndiye anayevua uzi wake mwenyewe na kumfunga. Zahanati walimpa Mwasiti uzi wake mpya, wakasema kila mtu na wake, kama mswaki. Wanawake waliitikia vizuri sana, ndiyo nesi, tumesikia nesi, kisha wakaenda kufanya kama walivyozoea. Uzi mpya ukawekwa kwenye kasha chini ya kitanda. Siku ya kumtoa mwali, Bi Havijawa aliingia chumbani peke yake, akakawia, akatoka na uzi mkononi. Alipomfunga Mwasiti alikuwa anaimba na kucheka. Waliomjua waliona kwamba mkono wake wa pili ulikuwa umejishika kiuno, kama mtu aliyeibiwa sokoni.

"Basi, Somo, nipike chai," Mwasiti alisema.

Bi Havijawa aliondoa vidole, akaangalia. Kiunoni mwa Mwasiti vilibaki vishimo viwili, pale alipobonyeza. Alisubiri vijae. Havikujaa. Vilibaki vimetulia kama alama za vidole kwenye unga uliokandwa.

Mwasiti naye aliugua homa ya mgunda wakati wa kupandikiza miche. Alipona, akacheka, akarudi shambani.

Shanga zilikuwa nyeupe pe.

*

Zahanati ilikaa juu ya nguzo, na chini yake bata wa kijiji walifanya mikutano yao. Nesi Kalunde alikuwa Mnyamwezi, na Mnyamwezi kwa Mzaramo ni mtani. Hakuna salamu inayopita bila tusi dogo.

"Karibu, mtani. Leo umekuja kuiba nini?"

"Nimekuja kuona kama Mnyamwezi ameshajua kuogelea, au bado anavuka maji kwa kubebwa."

"Mzaramo gani wa kunibeba? Mngesikia ngoma njiani mkaniachia mtoni."

Walicheka. Bi Havijawa akakaa, akapanga kanga yake vizuri, akaipangua, akaipanga tena.

"Kuna mtu," alisema. "Simtaji. Shanga zake nyeupe, lakini ukimbonyeza mwili unabaki na shimo."

Kalunde aliacha kucheka. "Shanga zake mwenyewe?"

"Ziko kiunoni mwake."

"Sijauliza ziko wapi. Nauliza ni za nani."

Bi Havijawa aliangalia dari. Dari haikuwa na msaada wowote. Kwa hiyo akasema; si yote, maana mengine ni ya ndani na hayatamkwi mbele ya mtu asiyefundwa kwao. Alisema kiasi cha kutosha.

Kalunde alichukua kitunguu kwenye kikapu chake cha mchana, akakikata katikati, akauonyesha ule moyo. "Ushanga unakua hivi. Kila jasho linaweka tabaka. Tabaka la kwanza kabisa, hili la katikati, ndilo uzi unaloliita uzima. Yote yanayofuata yanapimwa kwa hili. Sasa uzi huo ulianza na nani?"

"Na mimi."

"Na figo zako, mtani, ni za mwanamke aliyezaa na kupalilia na kuugua homa zote za bonde hili. Zimechoka kidogo. Si ugonjwa, ni umri."

"Umeniita mkweche."

"Nimekuita mzee. Lakini huyo binti figo zake ni mpya. Zikiumia zikashuka mpaka zilipo zako, uzi unaonja unasema, ah, ndiyo hali ya kawaida, tuko nyumbani. Unabaki mweupe."

Bi Havijawa alihisi ubaridi pale kiunoni ambapo hapakuwa na kitu.

"Mpime damu."

"Nitampima. Lakini damu huchelewa kusema. Husema wakati nusu ya figo imeshakwenda. Na dawa ninayo, ila ni kali. Mwenye jeraha inamponya, asiye na jeraha inamjeruhi. Siwezi kumpa kwa kubahatisha. Uzi mpya nao unahitaji msimu mzima kumjua mtu." Kalunde alibandua matabaka ya ndani ya kitunguu, akayaweka pembeni, akabaki na yale ya nje. "Humu kuna yake mwenyewe, ya tangu harusi, kabla ya homa. Nikiuweka uzi kwenye maji yangu ya dawa, matabaka yako yatayeyuka, lake litakuwa ndilo la kwanza. Tutajua kabla chai haijachemka."

"Na ushanga mama?"

"Nao moyo wake unayeyuka pamoja na wa wenziwe. Maji hayachagui."

Bata chini walibishana.

"Huwezi kuyatoa kwanza? Yale mapigo. Ukayaweka kwenye simu, kwenye sufuria, popote?"

"Nyinyi wenyewe mlisema uzi usitoe siri nje. Wakautengeneza hivyo. Hauna mlango, mtani." Kalunde alimtazama kwa upole usio wa utani. "Ni nani huyo?"

"Nimekwambia simtaji," alisema Bi Havijawa, akainuka. "Na kitunguu chako kimeniingia machoni."

*

Kesho yake alikwenda kwa Mwasiti na kibakuli cha ndizi. Hakusema neno. Alishika kiuno, akasikiliza, tu-tu, tu, akavibonyeza tena vile vishimo na kujiambia kwamba vimepungua. Binti anakula. Anacheka. Labda ni mimba imetunga. Labda ni ile chumvi nilizidi kumpelekea, mimi na vibakuli vyangu. Mtu akitaka kujidanganya haishiwi labda.

Njiani kurudi alimsema Kondo kwa sauti, kama alivyozoea. "Wewe unanyamaza tu. Nikikupoteza mara ya pili utasema mimi ndiye niliyekuacha."

Wala hakutaka mengi. Hakutaka arudi, hakuwa mjinga. Alitaka asubuhi moja, halafu nyingine, halafu hiyo inayofuata, ya kusimama nyuma ya mgongo wa mtoto wa watu na kumsikia yule mzee akitafuta viatu. Kuna watu wana picha. Wengine wana kanzu iliyobaki na harufu. Kanzu za Kondo mafuriko yalizibeba, na picha yake moja alikuwa amepepesa macho.

Siku ya tatu Mwasiti alifungua mlango, na Bi Havijawa alikiacha kibakuli kianguke.

Kope zilikuwa zimejaa, kama za mtu aliyelia, na mwenyewe anatabasamu. Ule uso aliujua. Aliwahi kuamka nao kwenye mto mmoja.

Alisukuma mkono kiunoni bila kusubiri kanga ilegezwe. Mapigo yaligonga, matamu, bila wasiwasi wowote. Hivyohivyo yalivyogonga ile asubuhi nyingine, yakimwambia yuko salama, yuko salama, wakati mwenyewe anakufa. Yalimdanganya mara ya kwanza, na alikuwa ameyaachia yamdanganye mara ya pili kwa sababu ya utamu wake.

"Vaa. Tunakwenda kwa Kalunde."

"Kufanya nini? Mimi mzima, Somo. Tazama, nyeupe."

"Nyeupe kwa ajili yangu. Zinanijua mimi, wewe hazikujui."

Akamweleza, kwa kifupi, huku akimfunga kanga kama mtoto. Habari ilipofika kwenye yale maji ya Kalunde, Mwasiti alijishika kiuno kwa mikono miwili.

"Basi sitaki. Ulinipa nikutunzie. Usiku nikikosa usingizi namsikia na mimi, nimeshamzoea babu wa watu. Nikukabidhi uzi bubu? Utakuja kufanya nini hapa asubuhi?"

Bi Havijawa alitaka kulia, akaona hapana faida, akaamua kusema uongo.

"Wewe mtoto, unafikiri naja kwa mapenzi? Naja kuhakikisha hajatoroka. Nimemchoka! Alikuwa anakoroma, anakula na kisu changu cha kukatia samaki, na kila kiti alichokalia kilivunjika. Nimevumilia akiwa hai, nimevumilia akiwa amekufa. Leo naachika."

"Unadanganya."

"Nadanganya vizuri lakini." Akalikaza fundo la kanga. "Mwasiti. Mimi nilimfunga Kondo kitambaa kichwani, nikamwambia ni uchovu. Usinifanye nikufunge na wewe."

Mwasiti aliziangalia zile kope kwenye kioo kidogo cha ukutani, mara ya kwanza asubuhi ile. Akaachia mikono.

Fundo la uzi wa mwali hufunguliwa na aliyelifunga tu. Mwinshehe, aliyekuwa amesimama uani na jembe begani, aliona mlango umefungwa akaelewa kwamba leo hakuna mzaha.

*

Kalunde alikuwa na bakuli la kioo lenye maji ya rangi ya mawingu. Alipouona uzi mkononi mwa Bi Havijawa hakumtania. Alivuta kiti.

"Nipe mwenyewe ukiwa tayari."

"Tayari sitakuwa. Hebu nipishe."

Aliuingiza uzi majini mwenyewe, pole pole, ushanga mama wa mwisho, akiushika kwa vidole viwili, mkono mzima umezama.

Tu-tu. Tu. Kimya.

Tu-tu. Tu.

Shanga ndogo zilianza kutoa ukungu mweupe, kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele. Kwenye ukungu ule kulikuwa na mavuno na uzazi na homa na ile taa ya simu na kidole kinachopotea hesabu. Bi Havijawa aliinama kidogo juu ya bakuli. Hapana aliyesikia alichosema, ila Kalunde, aliyekuwa karibu, baadaye alisema kilikuwa kitu kuhusu viatu, kwamba viko mlangoni.

Tu-tu.

Alisubiri ile ya tatu, ya kujikokota. Alisubiri sana. Kalunde hakumharakisha.

Waliutoa uzi ukiwa umelainika, wakamfunga Mwasiti upya. Aliketi kwenye benchi, ameinamia magoti. Birika lilikuwa jikoni. Halijachemka, ushanga wa kwanza ukapiga wekundu, kisha wa jirani yake, mpaka kiuno kizima kikawa kimezungukwa na rangi ya chai ya rangi.

"Ya chai," alisema Kalunde, akashusha pumzi. "Ingekuwa imefika rangi ya kahawa ningelia. Hii tunaiwahi."

Dawa iliingia mkononi mwa Mwasiti palepale. Kabla ya adhuhuri boti ya zahanati ilimchukua kumpeleka hospitali ya wilaya, Mwinshehe akiwa amembeba mpaka ndani na kukataa kumweka chini hata alipokwisha kukaa.

*

Alirudi mpunga ukiwa umeanza kutoa masuke. Alikuwa amekonda, kope zake zimerudi kuwa kope, na kiunoni rangi ilikuwa imeshafifia karibu na maziwa. Bondeni palikuwa na mambo. Mabibi walikuwa wamepanga foleni zahanati, kila mmoja na mwali wake, kila mmoja akidai amekuja kumsindikiza mwenzie. Na Mwinshehe siku hizi alifunga mkanda mpana juu ya shati, akisema ni mgongo unamsumbua. Alipoinama kuokota jembe, Bi Havijawa aliona kitu cheupe kikichungulia, akageuza uso haraka asije akacheka mbele ya mwanamume anayejitahidi.

"Uzi wako, Somo," alisema Mwasiti, akimpa ule uliokuwa kwenye kasha chini ya kitanda. Shanga mpya, hazijawahi kumwonja mtu. "Wangu wa zahanati. Nani wa kukufunga kama si mimi?"

"Mwali kumfunga somo? Dunia imepinduka."

"Ilishapinduka. Simama vizuri."

Alifungwa. Shanga zilikuwa baridi, zikapata joto kidogo kidogo. Halafu ushanga mama ukashtuka.

Tu.

Walisikiliza wote wawili. Ukanyamaza. Baada ya kitambo, tena: tu. Ukanyamaza.

Walimwendea Kalunde. Aliweka sikio karibu, akatikisa kichwa. "Uko sawa. Jina la Mwinshehe tuliloliandika humo limefutika kwa kukaa kashani, sasa unatafuta ushanga dume ulio jirani. Unagonga, unasikiliza kama kuna wa kuujibu. Ukikosa, unagonga tena. Kwa wajane huwa tunauzima. Lete nikuzimie, mtani, usikusumbue."

Bi Havijawa alijifunika kiuno kwa kanga, upesi, kama msichana aliyechunguliwa bafuni.

"Mnyamwezi ashindwe. Uache."

"Hakuna atakayeujibu."

"Nimesikia. Uache ugonge."

Kwa hiyo haendi tena na vibakuli asubuhi, au akienda kibakuli kimejaa kweli. Huamka, hujifunga kanga, huketi kwenye kigoda mlangoni akitazama maji yalivyolala juu ya mpunga. Uzi unajifunza kumjua upya, tabaka juu ya tabaka, figo zake kuukuu na jasho lake la peke yake. Na pale katikati, kila kitambo, kitu kinabisha. Mara moja. Kinangoja.

"Karibu," humjibu. "Pita tu. Mlango sijafunga."

Kisha husogea kwenye kigoda, aache nafasi.